Diski Iliyogonga Sebuleni kwa Nathanaeli

Ijumaa saa tatu asubuhi Rebeka aliwasha kompyuta ya marehemu mumewe ili ahakikishe inafanya kazi kabla mama mkwe hajafika. TV iliwaka kama kawaida, lakini mahali pa video palikuwa patupu. Ndani ya kasha jeusi chini ya TV kitu kilikuwa kinanguruma na kugonga, kama punje za mahindi ndani ya kopo.

"Dada! Njoo!"

Leah alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa koplo wa polisi Manyoni, lakini safari hii alikuja Itigi kama ndugu, kumsaidia mdogo wake na ibada ya arobaini ya Nathanaeli iliyopangwa kesho yake.

"Video yake haipo," Rebeka alisema. "Ile aliyomrekodia mama. Juzi ilikuwapo."

Leah alizima kompyuta, na kugonga kukakoma.

Nathanaeli alikuwa mnunuzi wa asali. Ugonjwa wa koo ulipomlaza, sauti yake ilibaki mnong'ono. Hapo ndipo alipoanza kuchagua vifaa vya kompyuta ya sebuleni, kimoja kimoja, na kila kilichopiga kelele alikikataa. Alichukua pawa saplai isiyo na feni, prosesa ndogo isiyochemka, kasha la aluminiamu linalojipoza lenyewe, na diski ambazo ndani hazina kinachozunguka. Watu walimcheka kwamba anasumbukia kimya kuliko picha. Macho ya mama yake yalikuwa hafifu, simu isingemfaa. Alitaka amwone kwenye TV kubwa na amsikie. Mama huyo, Evodia wa Kilimatinde, hakuja kumwona akiumwa, wala hakuja kumzika.

Leah alipapasa ukingo wa kasha. "Hapa mlikuwa mmeziba na nini?"

"Plasta nyeusi. Antipasi fundi aliibandika kuzuia vumbi."

Plasta ilikuwa imechanika, na pale ilipochanika palizibwa kwa nta ya nyuki, imekandamizwa vizuri kwa kidole gumba. Leah alifungua kasha kwa bisibisi. Ndani, mahali pa moja ya diski za Nathanaeli, alikuta diski kuukuu ya kuzunguka, yenye doa la rangi nyekundu.

"Nani mwingine yuko nyumbani?"

"Shemeji Enock tu, mdogo wake Nathanaeli, yule mrina asali. Yeye katoka alfajiri kufuata kuni za kesho."

Leah aliiweka diski mfukoni akaenda kwa Antipasi, karibu na kituo cha treni.

"Poleni na msiba, afande."

"Tumeshapoa, fundi. Hii ni ya kwako?"

Antipasi aliigeuza. "Doa jekundu ni langu. Maana yake imekufa. Nazitupa kwenye ile ndoo barazani. Watoto huja kuzivunja watoe sumaku."

"Wewe uliitaka ile kompyuta."

"Niliitaka kuinunua, na Rebeka nilimwambia kweupe. Lakini afande, mimi nimwekee Nathanaeli diski ya kuzunguka? Tuligombana wiki nzima kwa ajili ya feni moja! Nikamwambia, bwana, joto hili la Itigi, bila feni utaunguza kila kitu. Akanivuta shingo, akaninong'oneza, 'Unanisikia?' Nikasema nakusikia. Akawasha feni. Akanong'ona tena. Sikusikia kitu." Antipasi alitazama chini. "Nikairudisha feni kabatini."

"Ungeziba kasha kwa nta?"

"Nta? Ikipata joto inayeyukia ndani. Aliyefanya hivyo anajua mizinga, hajui kompyuta."

"Jana nani alisimama kwenye ndoo yako?"

"Hapo umenishinda. Nilishinda kituoni nasubiri mzigo."

Leah alirudi nyumbani, akamkalisha mdogo wake kitandani.

"Nakuuliza kama askari, Rebeka. Nta iko stoo kwako. Na mama mkwe unamchukia."

Rebeka alimkazia macho dada yake. "Namchukia, ndiyo. Mwanawe anaumwa miezi yote ile, yeye hata salamu! Lakini sauti ya Nathanaeli sina mahali pengine. Ningeitupa ili nimkomoe bibi kizee?"

"Nani ameiona video wiki hii?"

"Mimi na Enock. Aliiomba juzi. Aliitazama mpaka mwisho, akatoka nje. Nilijua ni uchungu."

"Mwishoni Nathanaeli anasema nini?"

"Anamwambia mama asijilaumu. Kwamba Enock alimweleza yeye Nathanaeli habari za presha ya mama, na daktari kumkataza kusafiri."

Nje kuni zilianguka chini kwa kishindo. Enock alikuwa ndiyo kwanza anarudi. Leah alimfuata.

"Shemeji, kuna shida. Ile video haionekani, na mama anafika leo."

"Mwambieni imeharibika." Enock aliendelea kupanga kuni. "Diski za kuzunguka ndivyo zilivyo. Ikishaanza kugonga, basi tena."

"Nani kakwambia inagonga?"

Enock alisimama na gogo mkononi.

"Imewashwa leo mara moja tu, wewe ukiwa porini," Leah alisema taratibu. "Na kaka yako hakuweka diski ya kuzunguka. Uliyeiweka ni wewe. Plasta ikakuchanikia, ukaziba kwa nta kama ufa wa mzinga."

Enock aliliweka gogo chini. Alitoa mfukoni kitambaa kilichokunjwa, na ndani yake ilikuwamo diski nyembamba.

"Nilitaka kuitupa. Nimeshindwa."

"Kwa nini, shemeji?"

"Mama hajui kama kaka aliumwa. Mwaka jana alisikia baba mdogo kalazwa, akaanguka. Daktari akasema asishtuliwe. Simu anayotumia ni yangu, salamu zote hupita kwangu. Nikawa namwambia Nathanaeli yuko safari za asali, nikitegemea atapona. Na Nathanaeli nikamwambia mama anajua, ila hawezi kusafiri. Tulipozika, nikamwambia mama kaka kaanguka ghafla akafariki, na kwamba tumeshazika. Video ingenifichua."

Rebeka alikuwa mlangoni. "Kwa hiyo nimemchukia mtu bure."

"Hakuna atakayekupeleka kituoni," Leah alisema. "Lakini utamwambia wewe, kabla hajakaa."

"Na presha yake, afande?"

"Kazikiwa mtoto bila kumwona. Unaogopa presha gani tena?"

Antipasi alikuja kurudisha diski mahali pake, akabandika plasta mpya. Saa kumi gari la Kilimatinde lilisimama barabarani. Rebeka alikwenda mwenyewe kumshika mkono mama Evodia. Uani Enock alipiga magoti mbele yao akasema yote.

Mama hakulia. Akauliza, "Aliniulizia?"

"Kila siku, mama," Enock alijibu.

"Na wewe ukamjibu kwa niaba yangu." Alivuta pumzi. "Inuka. Nipelekeni kwenye hiyo TV."

Walimkalisha mbele kabisa, Rebeka ubavuni mwake. Kompyuta ilipowashwa hakikusikika kitu, ila kuku waliokuwa wakiparua nje. Uso wa Nathanaeli ukajaa kwenye kioo, umekonda, unatabasamu.

"Enock, sogea, unaniziba," mama alisema.

Enock akasogea.

"Shikamoo, mama," Nathanaeli alinong'ona.

Kila mtu mle ndani alimsikia.

"Marahaba, baba," mama Evodia aliitikia. "Marahaba. Nimekuja."