Ngoma ya Mama Imekatwa Nusu

Jua lilikuwa linazama mjini Padova, Zanetta alipoingia kwa mzee Anzolo, muuza nyuzi za vinanda. Kaka yake Bortolo ndiye aliyemtuma. Uzi mwembamba wa udi, kinanda cha marehemu mama yao, alisema, umekatika.

"Umekuja wewe?" mzee alicheka. "Bwana mkubwa anaona haya?"

"Haya ya nini, baba?"

Mzee akamsukumia kitabu kilichotoka kuchapwa. Ukurasa wa kwanza, muziki wa ngoma aliyoitunga mama. Juu yake, jina la Bortolo.

"Ila ni ile ya polepole tu," mzee alinong'ona. "Ya kuruka haimo."

Zanetta akakifunga kitabu. Padova nzima hakuna apigaye ngoma ya polepole akaiacha peke yake. Ya kuruka huifuata hapo hapo, kwa wimbo ule ule. Siku zake za mwisho, mama alimfundisha Bortolo ya kwanza, Zanetta ya pili. Akawaapisha.

"Msiitoe nje. Na mkinianza, nimalizeni. Msiniache nimesimama."

Akachukua uzi, akatoka mbio. Kila dirisha alilopita... ngoma ile. Polepole. Nusu.

Nyuma yake, hatua. Moja... moja... mbili. Kimya.

Na harufu ya siki. Siki waliyouoshea mwili wa mama.

Nyumbani, ukutani ulibaki msumari tu.

"Kaka, udi uko wapi?"

"Aliyenunua ngoma alitaka na udi." Bortolo hakuinua macho.

"Kumbe uzi haukukatika! Ulitaka nitoke."

"Usinililie, Zane. Ungenifundisha ya kuruka, ningeuza zote mbili."

"Uliapa!"

"Kwa maiti. Maiti hali mkate."

Jirani akaanza kupiga. Ngoma ya mama.

Mguu wa Bortolo ukasogea. Moja... Akautazama kama si wake. Moja... mbili. Mkono wake ukainuka, umeshikwa na mtu asiyeonekana.

"Zane! Ya kuruka! Iimbe, nakuomba!"

Alikuwa anaijua yote. Akafungua mdomo.

Siki ikamjaa puani. Pumzi ya baridi sikioni.

"Ngoja kwanza, mwanangu."

Bortolo akatoka mlangoni kwa mwendo wa bwana harusi, akashika njia ya makaburini. Jirani aliacha kupiga. Hatua hazikuacha.

Zanetta akaketi chini ya ule msumari, uzi mpya ameuzungusha vidoleni. Kulikucha, bado anangoja kuambiwa amalize.