Msomaji Wangu wa Kila Asubuhi

"Huyo msomaji ni yeye mwenyewe."

Jamani... nilihisi kama nimemwagiwa maji ya baridi mbele za watu, pale kikaoni kazini! Na aliyesema hayo si adui yangu. Ni Mtaalamu, fundi wa mfumo wa kompyuta pale maktaba, mtu pekee kazini niliyekuwa nakula naye mchana.

Simu ikatetemeka mapajani. Nikachungulia, ni baba. Nikaikata.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkaniona chizi.

Kazi yangu ilikuwa rekodi za vitabu vya mtandaoni. Kitabu cha aina hiyo hakina rafu wala vumbi. Kina rekodi tu kwenye mfumo: jina lake, mwandishi, na linki ya kukifungulia. Sasa hizo linki zinakufa ovyo, msomaji anabonyeza anakuta patupu.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hata sijavua koti, nazifungua rekodi zangu na kujaribu linki. Iliyokufa naitengeneza, nzima naipitisha. Nikishapitisha, mfumo unaandika chini ya rekodi: imehakikiwa leo, halafu jina langu.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya stoo, dirisha linatazama ukuta. Kuna siku nilitoka kazini sauti imekauka kwa kukosa mtu wa kuongea naye. Nyumbani ndiyo usiseme, sahani moja, kikombe kimoja.

Basi bosi akatangaza kwamba vitabu vya mtandaoni visiposomwa vitaondolewa, na kiti changu kitaondoka navyo.

Wala sikutishika. Takwimu zilionyesha rekodi zinafunguliwa kila siku, asubuhi asubuhi. Nikajua kuna mtu huko nje anayeanza siku yake na vitabu vyangu. Nikampenda bure, msinicheke. Kuna siku nilimpa mpaka sura, na miwani nikamvisha.

Kumbe mfumo ulitakiwa uambiwe usihesabu wafanyakazi, na haukuwahi kuambiwa. Nilikuwa najisoma mwenyewe!

Mtaalamu alilijua hilo tangu wiki iliyopita. Nikamuuliza pale pale kikaoni kwa nini hakuniambia tukiwa tunakula.

"Ungelia," akasema, macho kwenye kompyuta yake. "Na mimi sijui kumbembeleza mtu."

Akabonyeza kitu, hesabu zangu zote zikafutika kwenye skrini ya ukutani. Wenzangu wakaangaliana, mmoja akaficha kicheko kwenye kikombe.

Lakini kukabaki mtu mmoja. Kadi moja ya maktaba, kitabu kimoja, kila siku ya Mungu. Kitabu cha kuchomelea vyuma.

Bosi akauliza ni nani huyo asiyemaliza kitabu. Mtaalamu akasoma namba ya kadi kwa sauti. Namba ile naijua kwa moyo, ndiyo kadi ya kwanza niliyosajili nilipoajiriwa.

Ni ya baba yangu. Mzee amechomelea mageti maisha yake yote, na kusoma hapendi hata kidogo.

Simu ikatetemeka tena. Safari hii nilitoka nje bila kuaga, nikapokea kwenye ngazi.

"Uko wapi?" Sauti yake haikuwa sawa.

"Niko kazini, baba. Kuna nini?"

"Leo imeandika jana."

Sikumwelewa. Ikabidi anieleze taratibu. Siku ile nilipompa kadi nilimwonyesha rekodi ya kitabu cha kazi yake, nikamwambia kwa majivuno, baba, ukiona jina langu hapa na tarehe ya leo, ujue mwanao yuko mezani. Mimi nilishasahau. Yeye tangu hapo kila asubuhi anaifungua. Akikuta tarehe ni ya leo, anajua nimeamka salama, ndipo anakunywa chai yake.

Leo kikao kilianza mapema, sikupitisha rekodi hata moja, tarehe ikabaki ya jana. Na chai yake ilikuwa imepoa.

"Si ungenipigia tu siku zote, baba?"

"Huwa unasema uko bize, mwanangu. Sikutaka kukusumbua."

Nililia pale kwenye ngazi mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Vitabu viliondolewa, na kiti changu nacho kikaondoka. Sasa hivi niko kaunta ya maktaba nyingine, napokea watu, naongea mpaka nachoka. Mtaalamu alinitumia salamu, sijajibu bado.

Wewe unayesoma hapa, unayesema huna mtu hapa duniani... hebu kwanza angalia simu za nani umezikata leo. Mimi nilimtengenezea sura msomaji ambaye hayupo, wakati aliyekuwepo nilikuwa namwambia niko bize.

Siku hizi nampigia baba kila asubuhi nikifika kazini, kabla ya chai yake. Jana foleni ilinichelewesha. Nikiwa bado njiani, sijampigia, ukaingia ujumbe wake:

"Leo imeandika jana."