Raba Nyeupe za Milembe

Kuna uvumi ulioniganda tangu siku ya gulio: eti mtoto mmoja wa Maswa alikatwa kidole cha mguu kwa sababu ya raba za mtumba. Nami nilikuwa nimeshamnunulia binti yangu Milembe, wa darasa la sita, zile raba fupi za wacheza kikapu, za mtindo wa zamani, zinazoishia chini ya kifundo.

Sikwenda naye sokoni. Nilipima mguu wake kwa kijiti cha mpamba, kama mama yangu alivyotupima sisi. Sokoni kijiti kikaingia vizuri ndani ya raba.

"Chukua, mama," akasema muuzaji, Bundala. "Hii hata ukiilimia haichaniki!"

Milembe alizivaa shuleni, dukani, hata kisimani.

"Zinakubana?" nilimuuliza.

"Hapana, mayu," akajibu, akiniita mama kwa Kisukuma.

Rafiki yake Stephania akamtania, "Mbona unatembea kama bata aliyekanyaga miiba?" Milembe akacheka, akakaza kamba.

Jumamosi asubuhi alishindwa kusimama. Nilipomvua soksi, kidole kidogo kilikuwa kimevimba, kinatoa usaha. Nikambeba mgongoni, mkubwa vile, hadi zahanati.

Nesi Harieth alisafisha kidonda, akampa dawa.

"Nesi, ni mtumba umemdhuru?"

"Hapana, mama. Kijiti kinapima urefu, hakipimi upana. Raba hizi ni imara, na kwa matembezi ya mjini ni nzuri. Lakini ni nzito, na mbele ni nyembamba. Mguu wa mwanao ni mpana." Akamgeukia Milembe. "Na wewe, kwa nini hukusema?"

"Mayu aliniuliza, nikaogopa atazirudisha."

"Sikiliza, mwanangu. Kiatu kinarudishwa sokoni. Kidole kikishakatwa hakirudishwi. Aliyekuuliza alitaka kukusaidia, nawe ukamficha."

Milembe akalia. Nami nikalia, maana kosa lilianzia kwangu.

Alipona baada ya wiki mbili. Raba tulizifua, tukazianika juani, tukampa Stephania mwenye mguu mwembamba. Zimemkaa sawasawa.

Wanangu mnaosoma, epukeni haya:

Kununua kiatu bila mguu wenyewe kuwepo.

Kuvaa kiatu ambacho vidole havichezi ndani.

Kuvaa raba bila soksi, au kwa soksi mbichi.

Kwenda nazo shambani, kwenye tope jeusi linalonata la mbuga.

Kutumbua lengelenge.

Kujibu "hapana" mzazi akikuuliza kama unaumia, nawe unaumia.