Joto la Kifua cha Baba

Baba mtoto alikuwa mfuga kuku, na kwa kulea vifaranga hakuwa na mpinzani. Mwanawe alizaliwa kabla ya siku zake, akatoka hospitali na kilo moja na robo tatu. Baba akaona kazi ni ile ile. Alisugua sanduku la mbao, akafunga balbu, akatandika kitambaa laini.

Mkewe alimkumbusha kwamba hospitalini walisema mtoto abebwe kifuani. Lakini mgongo ulimuuma, na usingizi ulikuwa umempiga chenga wiki tatu nzima. Akakubali mtoto alazwe sandukuni.

Siku ya tatu umeme ulikatika. Muuguzi wa mtaa alipopita kumwona mtoto, alikuta miguu yake ni ya baridi na ananyonya kivivu. Akampima. Uzito ulikuwa umepungua. Mama alianza kulia, akijiona ndiye aliyemponza mwanawe.

Muuguzi hakumgombeza. Alieleza kwamba mtoto njiti hana mafuta ya kutosha mwilini, hivyo hupoteza joto upesi. Balbu inaweza kumuunguza, au ikazimika.

"Mama mtoto amechoka," alisema. "Baba, vua shati, unawe vizuri."

"Mimi, dada? Hata maziwa sina."

"Maziwa anayo mwenzio. Joto unalo wewe."

Muuguzi alimweka mtoto wima kifuani pa baba, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi, kofia na soksi tu. Akamgeuza kichwa upande ili apumue vizuri, akamfunga kwa shuka. Mfuga kuku, mtu asiyeishiwa maneno, aliogopa hata kukohoa.

Baada ya saa moja miguu ilipata joto. Mama akamnyonyesha, na safari hii mtoto alivuta kwa nguvu. Muuguzi akaagiza anyonye kila baada ya saa mbili, hata kwa kumwamsha, na wazazi wapokezane kumbeba. Kesho wampeleke kliniki.

"Akigoma kunyonya, akipoa tena au akipumua kwa shida, msinisubiri. Kimbieni hospitali."

Walipokezana. Mama akapata kulala. Kuku waliangaliwa na shemeji yake baba. Mwezi ulipokwisha, mtoto alikuwa na kilo mbili na nusu.

Majirani hawakuacha utani. Mmoja alimwona baba ameketi mlangoni, shati limetuna, akamuuliza mimba ina miezi mingapi.

Baba aliweka kiganja juu ya mgongo wa mtoto. "Mama yake alimbeba saba," alisema. "Hii miwili ni yangu."