Chupa ya Vidonge Vyeupe

Kwa dobi, kazi ya kwanza si kufua. Kazi ya kwanza ni kuchambua. Nyeupe kwa nyeupe, rangi kwa rangi. Shati moja jekundu likijipenyeza kwenye shuka nyeupe, umeumbuka mbele ya mteja. Mama Pacha alikuwa amechambua nguo za watu kwa miaka ishirini na miwili, na hakuwahi kuumbuka.

Duka lao lilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha nyuma kilikuwa na mabeseni, kamba na sakafu isiyokauka. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ndefu ya kupigia pasi. Hapo ndipo aliposimama mumewe kutwa nzima. Mkewe alimwita Baba Pacha, lakini wateja walimwita Injini. Mtu yule akishawaka asubuhi, hakuna wa kumzima. Mabinti zao pacha walishaolewa, kila mmoja yuko kwake. Walibaki wao wawili, mvuke na nguo za watu.

Jumatatu hiyo yaliletwa mapazia ya hoteli. Mapazia themanini, mazito kama magodoro, na hoteli ilikuwa inafunguliwa Jumamosi. Injini hakungoja kusaidiwa. Aliinama kwenye beseni, akakumbatia pazia lililolowa, akanyanyuka nalo kwa mkupuo mmoja.

"Mamaaa!"

Pazia likaanguka, maji yakaruka mpaka ukutani. Injini alibaki ameinama vilevile. Hawezi kwenda juu, hawezi kwenda chini.

"Mgongo," alisema kwa shida. "Mgongo umekaza."

Alikwenda zahanati mkono mmoja ukiwa kiunoni. Alirudi na bahasha ndogo yenye vidonge thelathini vyeupe.

"Wamesemaje?" aliuliza Mama Pacha.

"Misuli imekaza. Nimeze viwili, mara tatu kwa siku, baada ya kula. Siku tano."

"Hayo tu?"

"Hayo tu," alijibu Injini, akiangalia mapazia.

Hayakuwa hayo tu, lakini Mama Pacha alikuja kulijua hilo baadaye.

Juu ya rafu yao kulikuwa na chupa mbili za kioo zilizokuwa za jamu. Ndani yake Mama Pacha aliweka dawa za nyumbani. Chupa moja ilikuwa ya vidonge vyeupe, nyingine ya vidonge vya rangi. Maboksi na bahasha alizitupa, kwa kuwa zilijaza rafu bure na kufuga mende. Kwake yeye huo ulikuwa usafi. Basi aliifungua bahasha ya zahanati, akavimimina vidonge vyote kwenye chupa ya vyeupe. Mle ndani mlikuwa tayari na vidonge vya kichwa, vya siku nyingi. Bahasha ikaenda kwenye taka.

Jumanne Injini hakutulia hata kidogo. Alikuwa mguu ndani, mguu nje. Alipiga pasi pazia moja, akashika kiuno. Akaenda nyuma, akarudi. Akakaa, akainuka.

"Dawa hii haijashika," alilalamika.

"Umemeza saa ngapi?"

"Asubuhi. Lakini haijafika mgongoni. Labda imepotea njia."

Akanyoosha mkono kwenye chupa, akameza vingine viwili. Mama Pacha alimwona, asimkataze. Aliyaona pia mapazia yaliyobaki.

Kisha Injini akaanza kupiga chafya, maana maji yale yalikuwa ya baridi. Kwenye chupa ya rangi kulikuwa na vidonge vya njano vya mafua. Akameza hivyo pia.

Mchana Mama Pacha mwenyewe aliumwa kichwa. Alichota viwili kwenye chupa ya vyeupe, akameza. Nusu saa baadaye alikuwa amelala fofofo juu ya rundo la mapazia, yeye ambaye hajawahi kusinzia mchana tangu azaliwe. Alipoamka, Injini alikuwa akimcheka.

"Leo umezidiwa na mapazia, mama."

Mama Pacha alijifuta mdomo. Hakucheka. Kitu kilimsumbua moyoni, lakini hakujua ni kitu gani.

Jumatano asubuhi Injini hakutaka chai. Alisema tumbo linamchefua. Alimeza dawa yake hivyohivyo, bila kula, akasimama mezani. Alipiga miayo mpaka machozi yakamtoka.

"Si upumzike kidogo, Baba Pacha?"

"Nikipumzika, nani atapiga pasi? Wewe?"

"Mimi sina mikono?"

"Mikono unayo. Ila mapazia haya yanataka kifua."

Mama Pacha akaenda nyuma kusuuza, lakini sikio lake alilibakisha mbele. Aliijua sauti ya ile pasi. Inateleza, inagonga mbao, inapumua mvuke, inateleza tena. Alisuuza na kusikiliza. Mara sauti ikakatika. Akangoja igonge. Haikugonga.

Aliacha maji yakimwagika, akakimbia.

Injini alikuwa amesimama wima, amefumba macho, mkono juu ya pasi. Chini ya pasi moshi ulikuwa unapanda. Mama Pacha alichomoa waya ukutani, akamvuta mkono. Juu ya koti jeupe lililokuwa mezani palibaki alama ya pasi, ya kahawia, imekaa katikati ya mgongo.

"Baba Pacha! Ungetuchoma!"

"Nini? Niko macho," alisema Injini. Ulimi wake ulikuwa mzito.

Hapohapo mlango ukafunguliwa. Aliyeingia ni mfamasia wa duka la dawa la ng'ambo ya barabara. Alikuwa amekuja kuchukua koti lake. Ndilo hilohilo.

"Shikamooni," alisema. Kisha akaliona koti.

"Marahaba, daktari wangu," alisema Mama Pacha. "Koti lako tutalilipa. Nisamehe. Mwenzangu huyu amelala huku amesimama."

Mfamasia hakuliangalia koti mara ya pili. Alimwangalia Injini usoni.

"Baba, unatumia dawa gani?"

"Ya mgongo tu," alijibu Injini.

Mama Pacha alishusha chupa zote mbili. Mfamasia alimimina vile vyeupe juu ya meza. Alishika kimoja, akakigeuza.

"Bahasha yake iko wapi?"

"Nimeitupa."

"Na hivi vingine humu?"

"Vya kichwa. Si vyote ni vyeupe?"

Mfamasia alivuta pumzi. Alianza kuvitenga kwa ncha ya kidole. "Tazama, mama. Hiki kina mstari katikati na herufi. Hiki hakina. Chenye mstari ndicho cha mgongo. Ndani yake kuna dawa mbili zilizochanganywa. Moja inalegeza misuli, na hiyo ndiyo inayoleta usingizi. Nyingine inatuliza maumivu. Inaitwa parasetamo."

"Na hiki cha kichwa?"

"Hiki ni parasetamo tupu."

Mama Pacha akaisogeza chupa ya rangi. "Na vya njano vya mafua?"

"Navyo vina parasetamo ndani."

Walivihesabu vile vya mgongo pamoja. Tangu Jumatatu mchana, Injini alitakiwa awe amemeza kumi na mbili. Vilipaswa kubaki kumi na nane. Vilibaki kumi na kimoja.

"Saba vimezidi," alisema mfamasia. "Labda na wewe mama ulichukua."

"Viwili, jana, vya kichwa. Nikalala kama nimepigwa rungu."

"Basi ulimeza vya mgongo. Na yeye alipotaka vya mgongo, huenda alichota vya kichwa. Vya kichwa vilikuwa vingapi?"

"Sijui."

"Vya mafua, baba, umemeza vingapi?"

Injini alikuna kichwa. "Kila nikipiga chafya."

Wakati mwingine wangecheka.

"Twendeni hospitali," alisema mfamasia. "Sasa hivi. Na hizi chupa twende nazo."

"Hospitali ya nini?" Injini akaja juu. "Mimi mzima! Tumbo tu linachefua kidogo."

"Ndiyo ubaya wake, baba. Parasetamo ni dawa nzuri ukifuata kipimo. Mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu mia tano kwa saa ishirini na nne. Na hapo unajumlisha kila ulichomeza, cha kichwa, cha mafua na cha mgongo. Ukizidisha, inaumiza ini. Na ini haliumi siku hiyohiyo. Unaweza kujiona mzima siku nzima, kumbe ndani linaharibika."

"Na mapazia?"

Hapo Mama Pacha akalipuka. Hakuwahi kumpigia mumewe kelele mbele ya mteja.

"Mapazia yaende zake! Hoteli ifunguliwe bila mapazia, watu walale wanaonana! Mimi nikifiwa na wewe nitajifunika pazia? Vaa viatu!"

Injini akavaa viatu.

Hospitalini walimchukua damu, wakamlaza kitandani. Mama Pacha aliambiwa angoje kwenye benchi. Aliketi, akasimama. Alisoma bango ukutani mara tatu bila kuelewa neno. Alikwenda mpaka mlangoni, akarudi. Kila aliyepita na koti jeupe alimfanya ainuke. Mikono yake haikuzoea kukaa bure, ikawa inakunja na kukunjua khanga. Kichwani lilimzunguka jambo moja. Ni mimi niliyevimimina. Ni mimi.

Jioni ilipokaribia, daktari alimwita.

"Ini limeanza kuguswa," alisema. "Tumemwekea dripu yenye dawa ya kulikinga. Atakaa hapa siku chache, tutapima tena."

"Atapona?"

"Nategemea atapona, kwa sababu mmewahi. Mngengoja mpaka macho yawe ya njano, tungekuwa tunaongea mengine."

Mama Pacha aliingia wodini. Injini alikuwa amelala, sindano mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kufanya. Walitazamana.

"Nikwambie kitu," alisema Injini polepole. "Yule tabibu wa zahanati aliniambia nisishike pasi. Alisema nipumzike, dawa inaleta usingizi. Na nisichanganye na dawa nyingine bila kuuliza. Nilikuficha."

"Kwa nini?"

"Ungeninyang'anya pasi."

"Ningekunyang'anya, ndiyo!" Mama Pacha alivuta shuka, akamfunika. "Na mimi nilitupa bahasha. Kila kitu kiliandikwa pale."

Hakukuwa na wa kumlaumu mwenzake.

Mapazia yalipelekwa kwa dobi mwingine, na hoteli ikafunguliwa Jumamosi vilevile. Siku hiyohiyo daktari alisema vipimo ni vizuri, Injini akaruhusiwa kurudi nyumbani.

Mfamasia alikuja kumjulia hali. Alileta vibahasha vitupu na kalamu. Akaketi na Mama Pacha mbele ya rafu.

"Dawa haichambuliwi kwa rangi, mama. Kila moja ibaki kwenye bahasha au boksi lake, pamoja na maandishi yake. Usipojua ni ya nini, au muda wake umepita, usimeze. Niletee mimi."

Zile chupa mbili alizichukua, pamoja na kilichobaki ndani.

"Lakini mgongo bado unanivuta," alisema Injini. "Nikipewa tena dawa ile, nifanyeje?"

"Kwanza mwambie daktari kwamba ini lako liliguswa. Huenda akakupa nyingine kabisa. Mwenye ugonjwa wa ini au figo, mjamzito, anayenyonyesha, wote waseme kabla ya kupewa. Na ukipewa dawa ya aina hiyo, fuata kipimo na saa zake. Ukisahau dozi na nyingine imekaribia, iache iliyopita. Usimeze mbili kwa pamoja ili kufidia."

"Na bia moja je, ya kusindikizia?"

"Baba!"

"Nauliza tu."

"Hata moja. Pombe inaongeza usingizi na inaumiza ini. Na usiendeshe gari wala kushika pasi. Siku tano zikiisha na bado unaumwa, rudi kwa daktari, usijiongezee. Na dawa haitakusaidia kama utaendelea kubeba pazia kama mtoto mchanga. Piga magoti, mbebe wawili."

Basi duka likabadilika. Nguo nzito zilibebwa na wawili. Injini alipewa kiti, akawa anaandika namba za wateja na kushona vifungo, akinung'unika. Mama Pacha alipiga pasi. Ilionekana kifua anacho.

Wiki mbili baadaye akaingia fundi viatu wa jirani, shingo imepinda upande mmoja.

"Injini," alisema, "nasikia ulikuwa na vidonge vya kulegeza misuli. Nigawie viwili tu, ndugu yangu. Nina buti za kumaliza leo."

"Sina. Na ningekuwa navyo nisingekupa," alisema Injini. "Leo umemeza nini?"

"Ah, vya kichwa tu. Na vya mafua."

Injini aliinuka kwenye kiti. Alimshika fundi viatu mkono, wakavuka barabara, huyu anavuta, yule analalamika kwamba buti zinamngoja.

Baada ya saa moja fundi viatu alirudi peke yake. Injini alikuwa amebaki kuongea na mfamasia.

"Shemeji," alimwambia Mama Pacha, "kumbe vya kichwa na vya mafua ni dawa ileile, nami nimeshafikia kipimo cha leo. Nimepewa ya kupaka tu, na nimeambiwa nifunge kazi. Vile vya Injini ningevipata, ningevimeza vyote viwili na kurudi kwenye mashine."

"Ungevimeza," alisema Mama Pacha.

"Mumeo amenifaa sana leo."

Mama Pacha aliweka pasi pembeni, akaizima, akaenda chumba cha nyuma. Pale katikati ya mabeseni alilia, kwikwi kabisa, kilio alichokizuia siku zote za hospitali. Mwenzake yuko hai, yuko ng'ambo ya barabara, anapiga soga. Alipomaliza alinawa uso, akarudi mbele kumhudumia mteja.