Majani Yaliyobaki Barabarani

Mume wangu Nathanaeli alinipa kiti chake kwenye lori, na mpaka leo sijamsamehe.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa, juu kidogo ya Soni. Tulikuwa tumeteremsha kabichi za kijiji hadi stesheni ya Mombo, na lori lilikuwa linarudi na mifuko ya saruji ya zahanati. Mbele kulikuwa na nafasi ya dereva Darweshi, utingo wake Nikodemo, na mmoja wetu tu. Nathanaeli akanisukuma juu.

"Panda wewe, mama. Goti lako hilo. Mimi nakuja na basi la jioni."

"Usichelewe, sipashi chakula mara mbili," nikamwambia. Ndiyo maneno niliyomuaga nayo.

Barabara ile ya kupanda Lushoto mnaijua. Upande mmoja mwamba, upande wa pili hakuna kitu, na chini kabisa mto unanguruma. Magari hayakomi: malori ya mbao kutoka Shume, mabasi, landrova za wakubwa. Kila kona ina watu wake waliokufa, na madereva bado wanaendesha kama wamealikwa harusi.

Kwenye kona moja kali chini ya Soni, lori likakohoa, likazimika.

Jua lilikuwa linazama na ukungu umeanza kushuka. Nikodemo akaruka na jiwe lake, akalitia nyuma ya gurudumu. Kisha akachukua panga, akakata matawi na kuyatandaza barabarani, mengine mbele yetu, mengine nyuma. Hata mtoto anajua maana yake: punguza mwendo, kuna gari limekufa. Lakini sisi wa milimani tunajua na jambo la pili, ambalo madereva wa Tanga hulicheka. Aliyeweka majani ndiye anayeyaondoa, kabla gari halijatoka. Majani yakibaki bila gari, yatajitafutia gari.

Darweshi alikuwa kaingiza kichwa kwenye injini, anatukana vipuri visivyopatikana nchi nzima. Nikashuka kunyoosha goti. Hapo ndipo nilipomwona yule mwanamke.

Alikuwa amekaa ukingoni, kanga imemfunika hadi machoni, miguu inaning'inia upande wa korongo. Mapajani ana matawi mabichi.

"Shikamoo, mama."

Akachuma jani moja kwenye tawi.

Nikarudia. Huku kwetu shikamoo haiachwi hewani, hata mlevi anaiitikia. Yeye aliendelea kuchuma majani, moja moja, akiyadondosha korongoni. Nikasikia harufu. Breki zilizoungua... na damu mbichi, kama buchani asubuhi.

"Mtayaacha," akanong'ona bila kugeuka. "Hata siku ile mliyaacha."

Injini ikanguruma. Nikaruka kwa woga.

"Pandeni!" Darweshi akapiga kelele. "Ikizima tena tunalala hapa!"

Nikapanda, lori likiwa limeshaanza kutembea. Nikodemo akaokota tawi moja, akalichomeka nyuma ya lori kwa sababu taa zetu za nyuma zilikuwa zimekufa, kisha akakimbia akadandia. Nilipogeuka kutazama ukingoni, hapakuwa na mtu.

"Nikodemo, majani umeyaondoa?"

Akamtazama Darweshi. "Dereva kasema tupande, mama."

"Rudi! Basi la mume wangu liko nyuma!"

Darweshi akacheka. "Mama Secilia, mambo ya milimani yaache milimani."

"Kwani sasa tuko wapi, mjinga wewe?"

Hakusimama. Alipopunguza mwendo kwenye kona, nikafungua mlango nikajitupa. Goti likalia. Lori likamezwa na ukungu.

Nikarudi nikichechemea. Nilimwogopa yule mwanamke, siwezi kusema uongo, lakini akilini nilimwona Nathanaeli amekaa dirishani ndani ya basi, kofia magotini, na miguu ikaenda yenyewe.

Majani ya Nikodemo hayakuwa pale alipoyaweka.

Yalikuwa yamekusanywa yote upande wa mwamba, marundo kwa marundo, na njia iliyobaki ilikuwa ya upande wa korongo. Gari likiyakwepa, linaingia hewani.

Na yule mwanamke alikuwa ameinama katikati yake, anayapanga vizuri, kama anayetandika kitanda.

Nikakamata matawi. Naye akayakamata. Kanga ikaanguka. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa wa mwanamke mtu mzima tu, wa kawaida. Upande wa pili ulikuwa umesagwa. Jicho limeshuka shavuni, na alama za tairi zimepita kutoka kwenye paji hadi kifuani.

Akaniuma mkono. Meno yakagusa mfupa.

Nilipiga yowe. Nikapapasa chini, nikashika jiwe, lile lile la Nikodemo, naye alikuwa ameliacha katikati ya barabara. Nikampiga nalo kichwani. Pasua. Pasua tena. Kichwa kikabonyea kama boga bovu, na bado meno hayakuachia. Chini nikasikia basi linapanda, likibadili gia. Nikavuta matawi kwa mkono mmoja, yeye akining'inia kwenye ule mwingine, nikayatupa korongoni, nikatupa, nikatupa, mpaka barabara ikawa nyeupe.

Akaniachia.

"Moja halipo," akanong'ona. "Limepanda gari."

Tawi la nyuma ya lori...

Juu ikalia honi. Ndefu. Haikatiki.

Lori likatoka kwenye ukungu kinyumenyume, injini imekufa, mifuko ya saruji inapasuka, lile tawi likicheza mkiani. Nikodemo alikuwa anakimbia ubavuni mwake, mikono mitupu.

"Jiwe!" alilia. "Jiwe langu liko wapi?"

Lilikuwa mkononi mwangu. Nikalirusha, likadondoka mbali naye. Akateleza. Gurudumu likampanda miguu, likampanda tumbo, na sauti yake ikakatika katikati ya neno. Lori likayumba juu yake, likageuka. Nilimwona Darweshi akipiga kioo kwa viganja vyote viwili. Kisha ukingo ukabaki mtupu. Vyuma vilisikika vikipiga mawe, kwa muda mrefu sana.

Basi likatokea polepole. Likasimama.

Nathanaeli akashuka. Nikamng'ang'ania, damu yangu yote ikamwingia kwenye shati, nikalia kama mtoto. Mzima! Mume wangu alikuwa mzima!

"Tungekuwa na mwendo, lori lingetuangukia," konda alisema. "Tumeponea yale majani ya kona ya chini."

Nikamtazama. Nikodemo hakufika kona ya chini.

"Mliyaondoa?"

"Si yetu, mama. Tumeyapita tu."

Huko chini, ndani ya ukungu, gari jingine lilikuwa linapanda.

Nathanaeli alikuwa mzee wa kanisa, mtu asiyeweza kupita mbuzi aliyenasa kamba. "Kuna watu ndani ya gari hilo," alisema. Akajitoa mikononi mwangu akakimbia chini kuyaondoa. Nilimwita. Nilimtukana. Goti halikunipeleka popote.

Landrova ikatupita salama. Yeye hakurudi.

Asubuhi walimkuta ukingoni, miguu inaning'inia upande wa korongo, mapajani matawi mabichi. Hana hata mchubuko. Mchungaji alisema ni mshtuko. Mganga wa Vuga alitazama alama za meno mkononi mwangu, akanirudishia kuku niliyempelekea kama malipo.

Nathanaeli anakula. Analima. Usiku analala ubavuni mwangu. Lakini watoto wakimwamkia shikamoo, haitikii, na ukungu ukishuka anaamka na kutafuta panga. Kila jioni natia komeo, na yeye anasimama nyuma ya mlango akinusa.

Jana homa ilinishika nikalala mapema. Sikutia komeo.

Leo asubuhi nimemkuta kitandani, miguu ina tope la barabarani. Panga lina utomvu mbichi. Nimemshika mashavu, nimemuuliza, nimembembeleza, nimempiga kofi.

Hataki kuniambia ameyaweka kona gani.