Wimbo wa Tano

"We Dada Pasi, umeanza lini kuimba?"

"Niimbe mimi? Nikijaribu hata bafuni, maji yanakatika."

Chumba kizima cha kufulia nguo za hospitali kilicheka. Dada Pasi hakuinua macho. Miguu ilikuwa imemvimba, mgongo unamuuma, na mbele yake kulikuwa na mashuka ya wodi tatu yanayomsubiri. Jina hilo walimpa kwa sababu shuka likishapita mikononi mwake halirudishwi na muuguzi yeyote, hata awe mkorofi vipi.

"Basi njoo usikilize mwenyewe," alisema Shangazi, mama mtu mzima anayeendesha mashine kubwa. Hakuwa shangazi wa yeyote mle ndani, ila kila mtu alimwita hivyo. "Mumeo kanitumia albamu yake nionje kabla haijatoka Ijumaa. Nimefika wimbo wa tano. Huyu si wewe?"

Albamu hiyo Dada Pasi aliijua kama mtu anavyomjua mke mwenza. Kwa miaka mitatu mumewe, ambaye mtaa mzima humwita Taratibu, alikuwa akila nayo na kulala nayo. Rege laini ya kupoza roho, na juu yake mistari ya hiphop, anaichana polepole utadhani anasimulia huku anamenya chungwa. Ndiyo albamu yake ya kwanza. Dada Pasi alishachoka hata kuionea wivu.

Aliweka simu sikioni. Gitaa likaanza, bezi ikafuata. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, imepunguzwa mwendo kidogo.

"Mume wangu, pokea simu. Wamesema moyo wa mtoto haupigi. Nimekaa hapa kwenye benchi. Ukimaliza, uje."

Ngoma ikaingia. Maneno yale ya mwisho yakageuzwa kiitikio: ukimaliza, uje, ukimaliza, uje. Wasichana wawili waliokuwa wanakunja taulo wakaanza kutikisa mabega.

"Zima," alisema Dada Pasi.

"Eh?"

"Shangazi, naomba uzime."

Shangazi alimtazama, na uso ukambadilika.

"Mungu wangu. Mwanangu, usiniambie ni ile siku."

"Ndiyo ile siku. Huo ujumbe wa sauti nilimtumia nikiwa kwenye benchi la hapo juu, ghorofa ya pili."

Kila mtu mle ndani alijua kwamba miezi minane iliyopita Dada Pasi alipoteza mimba ya miezi saba, katika hospitali hii hii anayoifulia mashuka. Wasichana waliacha kutikisa mabega. Mmoja alijifanya anatafuta sabuni.

Dada Pasi alitoka hadi ukumbini akampigia prodyuza, rafiki wa mumewe na mwenye studio, ajue wimbo huo ulifichwa tangu lini.

"Shemeji! Umeusikia? Huo wimbo ndio roho ya albamu!"

"Mistari yake mlirekodi lini?"

"Tarehe kumi na nne, Jumanne moja hivi, kama miezi minane nyuma. Halafu sikiliza vizuri, nyuma ya mistari kuna mtetemo mara tatu, trrr, trrr. Hiyo ni simu yake! Iliita mpaka akaigeuza kifudifudi mezani. Juzi juzi tulipoweka sauti yako, nikamwambia tuuache, umekaa na ngoma kama tuliupanga."

"Simu yake ilikuwa na chaji?"

"Tele. Kwani vipi, shemeji?"

"Hamna kitu. Asante."

Alibaki ameegemea ukuta. Jumanne, tarehe kumi na nne, siku ile ile. Kwa miezi minane Taratibu alikuwa amemwambia kwamba siku ile simu ilizima, chaji ilikwisha. Na yeye Dada Pasi, akiwa bado anatoka damu, ndiye aliyemshika kichwa akambembeleza asijilaumu, chaji humwishia kila mtu. Hilo ndilo lililomkata maini kuliko hata wimbo wenyewe.

Ujumbe wa Taratibu uliingia: "Mke wangu umesikia?? Watu wanalia huku. Rudi mapema leo tusherehekee."

Aliomba ruhusa, akarudi mapema kweli.

Taratibu alikuwa jikoni, anakaanga vitunguu, uso umemng'aa kama wa mtoto aliyefaulu mtihani.

"Nakusikiliza. Niambie."

"Eti watu wanalia?"

"Prodyuza kalia. Mama kalia mpaka akakata simu. Watu wa redio wamesema wataanza na huo."

"Mimi nililia peke yangu kwenye lile benchi. Kulikuwa na fundi wa umeme juu ya ngazi anabadilisha taa. Akashuka, akanipa leso yake. Hata jina sikumuuliza."

Taratibu alizima jiko.

"Mke wangu, sikujua nikuambie nini baada ya siku ile. Mimi kusema sijui, kazi yangu ndiyo mdomo wangu. Nikaona nimuenzi mtoto wetu humo."

"Mbona hukuniomba?"

"Nilijua utakataa."

"Basi jibu ulikuwa nalo."

Dada Pasi alivuta kiti akakaa. Alitamani kupiga kelele, lakini hata kelele zina uzito wake, na yeye amebeba mashuka tangu asubuhi.

"Nikuulize kitu kimoja, na usinizungushe. Siku ile simu yako ilikuwa na chaji?"

Taratibu alikitazama kitambaa cha jikoni mkononi mwake.

"Nani kakuambia?"

"Wewe mwenyewe. Umeituma mpaka kazini kwangu. Iko nyuma ya mistari yako, inatetema. Nilipiga mara saba, nyie mmeacha mara tatu kwenye wimbo."

Taratibu alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati la vyombo.

"Niliiona," alisema.

"Sema yote."

"Niliiona, nikajua ni wewe. Si asubuhi uliniambia mtoto hachezi tangu jana? Nikakwambia tangulia, nitakufuata. Simu ilipoita, nilijua. Nikaigeuza. Nikajisemea, nisipopokea, mtoto bado ni mzima. Nimalize ubeti huu tu, bado ni mzima. Na huu mwingine. Nilichana siku ile kuliko siku zote za maisha yangu, wao wanapiga makofi, mimi natetemeka. Nilikuacha pale, mke wangu. Nilikuacha kwa woga."

Hakukuwa na bezi wala gitaa. Ilikuwa ni sauti yake tu, mbaya, imekwaruza, inakatika katikati. Miezi minane Dada Pasi alikuwa anaisubiri sauti hiyo bila kujua kwamba anaisubiri.

"Alikuwa wa kike," alisema.

Taratibu aliinua kichwa.

"Hukuniuliza. Siku zote hizi hukuniuliza. Alikuwa na vidole virefu kama vya mama yako. Nilimshika robo saa, wakamchukua."

Ndipo Taratibu akalia. Alilia vibaya, kamasi na kila kitu, si kilio cha kutiwa kwenye albamu. Dada Pasi hakuinuka kumbembeleza. Safari hii alimwacha alie.

Taratibu alipotulia, alichukua simu yake, akaweka spika.

"Toa wimbo wa tano," alimwambia prodyuza.

"Umerukwa na akili? Redio wameuomba huo huo!"

"Utoe. Na sauti ya mke wangu uifute kwenye mashine yako, isibaki popote."

"Bila huo, kaka, tunabaki na albamu ya kusinzia."

"Wasinzie."

Akakata. Akamtazama mkewe, macho mekundu.

"Utanisamehe?"

"Sijui. Leo nimechoka mpaka kwenye mifupa. Niulize kesho."

"Nitakuuliza."

"Na nikisema bado?"

"Nitakuuliza keshokutwa."

Jumatano aliuliza, akajibiwa bado. Alhamisi aliuliza akiwa amebeba ndoo ya maji, akajibiwa bado, na angalia unamwaga maji. Ijumaa albamu ikatoka. Tangu alfajiri simu ya Taratibu haikunyamaza: pongezi, mishale ya utani, mtu mmoja akilalamika kwamba inamlaza usingizi, mwingine akishukuru kwa hilo hilo.

Taratibu hakuishika. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, anamtazama mkewe akifunga kilemba cha kazini.

"Leo je?"

Dada Pasi alifikiri kwanza. Alijipima kwa haki kabisa, kama anavyokagua shuka kabla ya kulipeleka wodini.

"Leo nusu," alisema, akamsogezea kikombe cha chai.